Kivinjari cha jenomu cha UCSC machoni pa mchunguzi wa virusi vya kale

Takriban asilimia 8 ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ni masalia ya retrovirusi (virusi vinavyojipachika ndani ya DNA ya seli) vilivyoambukiza seli za uzazi za mababu zetu wa kale. Kwa anayetaka kujua yalipo na jinsi seli inavyoyadhibiti, sijaona huduma ya bure inayofaa kuanzia kuliko kivinjari cha Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz (UCSC), tovuti inayoonyesha jenomu kwa kanda za data zilizopangwa juu ya mfuatano wa DNA, kilichoanza mwaka 2000.

Ukifungua kikamilifu ukanda wa RepeatMasker, programu inayotambua mifuatano inayojirudia, masalia hayo hujipanga kwenye safu ya LTR (mifuatano inayojirudia kwenye ncha mbili za kirusi), na weusi wa kila kipande una maana: kadiri kinavyofifia ndivyo kilivyoachana na mfuatano wa jamii yake. Tafuta jeni ya ERVW-1 kwenye kromosomu ya 7, nawe utaona HERV17, mojawapo ya jamii za virusi hivyo vya kale, ikiwa katikati ya LTR17 mbili, yaani ncha zake. Hiyo ndiyo inayotengeneza sinsitini, protini iliyotokana na kirusi ambayo sasa huunganisha seli za kondo la nyuma. Kuliona jambo zito namna hiyo kwa uwazi kiasi hicho kunatosha kukipa kivinjari hiki heshima yake.

Udhibiti wenyewe unadai subira zaidi. Protini za KRAB zenye vidole vya zinki hutambua mfuatano wa kirusi na kuivuta protini ya TRIM28, ambayo nayo huleta SETDB1, kimeng'enya kinachopachika alama ya H3K9me3 kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka, ili DNA ikazwe isisomwe. Alama hiyo sharti uitafute mwenyewe katika data za ENCODE, mradi wa kuorodhesha sehemu za jenomu zinazofanya kazi, tena uchague aina ya seli kwa uangalifu, kwa sababu jamii ya HERV-H, kwa mfano, huwa hai katika seli shina za kiinitete lakini hunyamazishwa katika tishu nyingi za mtu mzima.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni maeneo matupu. Vipande vifupi vya DNA vinavyosomwa na mashine huweza kulingana na nakala nyingi za kirusi kimoja, hasa jamii ya HERV-K ambayo ni changa, na programu nyingi huvitupa. Basi eneo likaonekana halina alama ilhali inayo. Ningependa onyo la wazi liwekwe palepale. Kwa sasa, fungua kando ukanda wa mappability, unaoonyesha kama kipande kifupi kinaweza kupangwa mahali pamoja tu, kabla ya kuamini utupu wowote, na ukitaka kuhesabu nakala za jamii nzima, uziombe kupitia Table Browser, zana ya tovuti hiyohiyo inayotoa data kwa majedwali, badala ya kutegemea picha.