Rashid, Misri: Usije kwa ajili ya jiwe, njoo uone madirisha

Assalam aleikum watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sina simu ya kufungua kwenye boksi, leo nachambua mji. Tangu video ya Alexandria mmekuwa mkiniandikia, "tupeleke Rashid tukaone jiwe." Haya, nimefika. Haya maji nyuma yangu ni Mto Nile, na ukiufuata kidogo tu kuelekea kaskazini unaingia Bahari ya Mediterania.

Nianze na lililoniudhi, tulimalize. Jiwe halipo. Jiwe la Rosetta, na Rosetta ni huku huku Rashid, liko British Museum, London, tangu 1802. Hapa utaona nakala. Mwaka 1799 wanajeshi wa Ufaransa walikuwa wakikarabati ngome ya Sultani Qaitbay, ile iliyo nje kidogo ya mji, ndipo wakalikuta. Na lilifikaje ngomeni? Wajenzi wa zamani walikuwa wakibeba mawe ya magofu ya mafarao na kuyajengea kuta, kama wewe unavyookota tofali. Lina maandishi ya aina tatu, na mwaka 1822 Mfaransa Champollion akalitumia kufumbua hieroglifu, maandishi ya Misri ya kale; hayo mnayajua, nayapita.

La pili, usafiri. Kutoka Alexandria ni kama kilomita 65. Nilidanganywa kwamba mikrobasi hazifiki, nikakodi gari, nikalipa mara nane ya nauli ya kawaida. Mikrobasi zipo, jamani. Ni daladala kama zetu, unakaa inajaa inaondoka. Ukifika mjini panda bajaji, au tembea, mji wenyewe hauchoshi.

Sasa njooni huku ndani. Hii ndiyo sababu ya video nzima.

Tuko ghorofani kwenye nyumba ya enzi ya Waturuki. Zimebaki kama 22 hivi Rashid, za karne ya 17 na ya 18, chache zimeingia mwanzo wa ya 19. Tazameni hili dirisha. Wanaliita mashrabiya. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Mnaona hivi vijiti vidogo, vimekerezwa kimoja kimoja, vina vichwa vya mviringo kama shanga? Hakuna msumari hapa. Hakuna gundi. Kila kijiti kimeingia kwenye tundu la mwenzake, basi. Na wana sababu: tuko kati ya mto na bahari, mbao inavimba unyevu ukija, inanywea jua likiwaka. Ungeipiga misumari ingepasuka. Hivi ilivyo inacheza, inapumua, na imefika leo.

Tazameni tena. Chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, vijiti vimebanana. Juu vimeachana. Chini wanataka stara, juu wanataka hewa na mwanga. Nikae hapa kwenye baraza ya dirisha... naona barabara yote. Yule mzee anauza malimau namwona, yule mtoto na baiskeli namwona. Sasa nashuka nje, msiondoke.

Nimeshuka. Nimeacha skafu yangu nyekundu pale pale nilipokaa. Mnaiona? Mimi siioni. Naona giza tu. Nje kuna mwanga mkali, ndani kivuli, jicho haliwezi kupenya. Watu wa nyumba hii walikuwa wakiuona mtaa wote na mtaa hauwaoni.

Na hili jina sasa. Limetoka kwenye kunywa kwa Kiarabu, shina lile lile lililotupa sisi neno kusharabu. Walikuwa wakiweka mitungi ya maji hapa dirishani. Upepo wa mtoni unapita kwenye vijiti, unapita kwenye udongo wenye unyevu, maji yanapoa na chumba kinapoa. Bibi yangu Mwanza aliweka mtungi wake kwenye upenyo wa mlango kwa sababu hiyo hiyo. Nilipoelezwa hapa nilimkumbuka sana.

Najua wa Unguja na Lamu mtaniandikia kuhusu milango yenu. Milango yenu haina mpinzani, nasema wazi. Lakini kwa madirisha, Rashid ametangulia.

Madirisha haya yamepigana vita pia. Tarehe 31 Machi 1807 jeshi la Uingereza liliingia mjini. Mitaa kimya, milango imefungwa. Walipofika ndani kwenye vichochoro, risasi zikaanza kutoka madirishani na kwenye mapaa. Jenerali wao mmoja aliuawa hapa hapa. Simama kwenye kichochoro hiki, kipana kama mikono yangu miwili, kisha inua macho. Utaelewa bila mwalimu.

Samahani kwa upepo, maiki hii ndiyo imefika mwisho. Mpya imeshanunuliwa, wiki ijayo naichambua. Na tumevuka wafuatiliaji elfu kumi, asanteni mno. Aliyepita tu, jiunge, bonyeza kengele.

Kuna aliyeuliza kwa nini asiende Dumyat, mdomo wa pili wa Nile. Dumyat ni mji wa fanicha, nenda kama unataka kabati. Alexandria ina bahari na hoteli, lakini utachoka na magari. Rashid iliwahi kuwa bandari kubwa kuliko Alexandria, mpaka mfereji wa Mahmudiyya ulipofunguliwa mwaka 1820 ukaiunganisha Alexandria na Nile. Biashara ikahama. Mimi naamini ndiyo maana nyumba hizi zipo: hela ziliondoka, hakukuwa na wa kuvunja ajenge upya. Tofali zake ni nyekundu na nyeusi zikipishana, na mistari myeupe ya chokaa katikati. Nyumba moja niliikuta imefungwa kwa ukarabati, kwa hiyo ulizia kwanza. Kinu cha Abu Shahin msikikose, magurudumu yake ya mbao ni makubwa kuliko mtu, mnyama alikuwa akiyazungusha kusaga nafaka.

Nilipanga kuwaambia saa tatu zinatosha, niwape 6 kati ya 10. Naifuta hiyo. Jioni hii nimekaa ukingoni, mafundi wanaranda mbao za mashua, nimeletewa mkizi wa kuchoma na limau, na bei yake haifiki nusu ya ile ya ufukweni Alexandria. Nawapa 8. Laleni hapa usiku mmoja.

Mimi nimekunywa maji ya Ziwa Victoria utoto wangu wote. Yanatoka Jinja, yanapita Sudan, yanafika hapa. Tope halifiki tena, linakwama nyuma ya Bwawa la Aswan tangu lilipokamilika 1970, na bahari imekuwa ikiula huu mdomo wa mto mpaka wakajenga kuta za kuuzuia. Lakini maji yenyewe... nimeshuka ngazi hizi, nimetia mkono. Ya vuguvugu. Mama, kama unatazama, nimeyagusa maji ya nyumbani.