Fundi wa Kamalondo aliyeniuliza kabla ya kufumua

Tangu harusi ya mdogo wangu sijapata kupumua. Walimu wenzangu wanauliza koti la kijivu nililovaa siku ile limeshonwa wapi, na ndugu wanataka kujua sare zetu alizishona nani. Naandika mara moja kwa wote.

Fundi yuko hapa Lubumbashi, Kongo, mtaa wa Kamalondo, kwenye baraza ya nyumba ya matofali, mwendo mfupi kwa miguu ukishavuka reli kutoka mjini. Hapendi jina lake liandikwe. Ukivuka reli uliza fundi wa daftari, utaonyeshwa. Ana cherehani mbili za miguu, moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia na pasi ya makaa ambayo haipoi tangu asubuhi mpaka jioni. Vijana wawili wanajifunza kazi kwake.

Nilimpelekea kazi mbili: sare za familia za watu 14, na koti moja la marehemu baba. Nianze na koti.

Ni abacost. Wenye umri wangu na zaidi hawana haja ya kuelezwa, lakini binti yangu wa miaka 17 hakuwa amelisikia neno hilo, kwa hiyo nalieleza. Linatokana na Kifaransa, à bas le costume, yaani suti ianguke. Rais Mobutu alikuwa ameshika siasa ya uhalisi, ile iliyoipa nchi jina la Zaire mwaka 1971 na kuwafanya wazazi wetu waache majina ya Kikristo mwaka uliofuata. Suti na tai vikapigwa marufuku. Mwanaume wa ofisini akavaa koti la kufungwa vifungo mpaka juu, shingo bila tai, labda skafu. Wanawake nao wakakatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Tai ilirudi tarehe 24 Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, na wanaume wengi waliikimbilia siku hiyohiyo. Baba hakuikimbilia. Alikuwa karani, ameoa kwa abacost, amebatizia watoto wanne kwa abacost, na shingo yake ilikuwa imeshazoea. Mpaka anastaafu sikumwona na tai hata mara moja.

Nayasema haya kwa sababu mimi nami siwezi kutoka nyumbani kola ikiwa wazi. Sijafundishwa kwa maneno. Jumamosi jioni baba alipanga viatu vyetu vyote ukutani, kuanzia vyake hadi vya mdogo wetu, akavipaka kiwi kimoja kimoja, kisha akapiga pasi nguo zetu za shule, bluu na nyeupe, akinyosha kola kwanza, halafu mikono, mwili mwisho. Leo nikipiga pasi nafuata mpangilio uleule. Nimejaribu kuanza na mwili, nikahisi shati halijanyooka hata kama limenyooka.

Kwa mama ilikuwa ni bikwembe, vipande vitatu: libaya (blauzi), kitenge cha kujifunga na kingine cha kuweka juu, kiunoni au begani. Alikuwa msichana wakati ule wa marufuku, na marufuku ilipoondoka yeye hakuiacha. Mwaka 1999, nikiwa na miaka 15, nilinunua jinzi ya mtumba kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kwa pesa niliyoweka akiba. Mama hakunigombeza. Nilipofika mlangoni alinifuata na kitenge mkononi, akanifunga kiunoni juu ya jinzi, akakaza fundo, akarudi jikoni. Nilitembea hivyo mpaka kona, nikakifungua, nikakikunja, nikakitia mfukoni. Wakati wa kurudi nikakifunga tena pale pale kwenye kona. Tuliishi hivyo miaka miwili na hakuna aliyesema neno.

Basi koti. Lilikuwa kwenye sanduku la bati la mama, na dawa ya nondo, tangu baba azikwe. Kitambaa ni tergal ya kijivu, nzito, haijapauka. Nilitaka livalike na mimi, nilivae siku ya ndoa ya serikali kwenye ofisi ya komine, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaoa bila baba. Niliogopa. Miaka michache nyuma fundi mmoja wa mjini alinikatia kitenge cha mama, yadi 6 nzima, akanipa gauni linalobana kwapani, na mabaki alikuwa ameshayatupa. Nilipomuuliza aliniambia ni vipande tu.

Huyu wa Kamalondo hakugusa mkasi siku ya kwanza. Alilivalisha koti kwenye mti wa kuning'inizia, akalizunguka, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole chini ya kola. Akaniita.

"Mwalimu, kola hii iligeuzwa."

Sikumwelewa. Akanisogeza kwenye mwanga. Upande wa chini wa kola, ule usioonekana, ulikuwa umelika kabisa, nyuzi zimebaki kama wavu, mahali skafu ya baba ilipokuwa inasugua. Mtu alikuwa ameifumua kola yote, akaigeuza upande uliochakaa uangalie chini na uliokuwa mzima uje juu, akairudishia kwa mkono. Tena kwa uzi wa bluu. Mishono ya kulala, mifupi, mafundo makubwa mwanzoni na mwishoni. Mafundo hayo nayajua. Ndiyo yaliyokuwa kwenye soksi zangu zote za shule ya msingi. Mama alishona hapo, na uzi wa kijivu labda haukuwepo ndani ya nyumba, au pesa yake haikuwepo, na kwa kuwa ni chini ya kola alijua hakuna atakayeona ila yeye na mume wake.

Fundi alikuwa ameshika wembe wa kufumulia. "Hii nitoe ao niache?"

Nilimpigia simu mdogo wangu. Hakujibu haraka. Halafu akasema, "Yaya, aache." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Akaacha. Alichofanya ni kupachika kipande chembamba cha kitambaa juu ya ile sehemu iliyolika, kwa mishono midogo isiyougusa uzi wa bluu. Ukiinua kola yangu leo utauona.

Alipofungua mbavu za koti akakuta akiba ya kitambaa ndani ya mshono, vidole viwili kila upande. Mafundi wa zamani waliacha hivyo ili mwenye nguo akinenepa apanuliwe. Baba hakunenepa. Akiba ilikuwa mpya, kijivu chake kimekolea kuliko koti lenyewe, haijawahi kuona jua. Fundi hakuikata. Alilibana koti kiunoni kwa kuingiza zaidi ndani, akafupisha urefu sentimita 7, na mikono sentimita 4. Mabega nilitaka ayapunguze, akakataa. Alisema bega likiguswa lazima mkono wote utoke, na kitambaa cha umri huo kikitobolewa mara ya pili mahali palepale hakina nguvu. Tena akaniambia nina mabega ya baba yangu, nijiangalie kwenye kioo. Nikajiangalia. Ni kweli.

Sare sasa. Anayejua harusi za huku anajua maana yake: kitambaa kimoja kwa ukoo mzima, ili mtu akiingia ukumbini aone upande wa bwana harusi bila kuuliza. Tulichagua kitenge cha maua ya bluu. Shangazi, dada yake baba, alikuja na lake: bila hollandais, kitenge cha Uholanzi, yeye havai. Alivaa Vlisco kwenye harusi yake na anataka azikwe nayo. Nilimwambia kampuni hiyo ya Uholanzi ipo tangu 1846 na itaendelea kuwepo baada ya harusi yetu, ila mfuko wetu hautoshi kwa watu 14. Tukakubaliana yeye peke yake anunuliwe hicho, cha rangi inayokaribiana. Alipoleta kitambaa kwa fundi, kitu cha kwanza alichomwonyesha ni ukingo wenye maandishi ya kiwanda. Hakutaka uingie ndani ya pindo. Fundi akaukata ukanda huo taratibu na kuupitisha kwenye ncha ya kitenge cha kujifunga, mahali maandishi yanaonekana akitembea. Nimemwona shangazi akitembea na kugeuka mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika, na nilifurahi kwa ajili yake.

Hapo ndipo nilipoelewa daftari. Ana ukurasa kwa kila nyumba, si kwa kila mteja. Juu aliandika "Nyumba ya Mwalimu", chini yake sisi wote, vipimo na maneno machache. Kwa shangazi: kola juu, mikono ipite kiwiko, ukingo uonekane. Kwa mjomba: mfuko wa dawa upande wa kushoto. Kwa mama: asibanwe tumboni, hasemi lakini anaumia. Hilo la mwisho sikumwambia mimi. Aliliona alipokuwa anampima.

Kwa binti yangu mwanzoni hakuandika kitu, kwa sababu mimi na binti tulikuwa tunabishana. Yeye alitaka shingo ya mraba, iliyofunguka. Fundi alichora kwa chaki juu ya karatasi, nami nikanyoosha mkono nikaweka vidole viwili juu ya mstari wake, kuonyesha iishie hapo. Mtoto akaniangalia.

"Mama, hiyo kola si yangu. Ni ya kambo."

Kambo kwetu ni babu. Nilirudisha mkono. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimesimama pale na kitenge cha mlangoni mkononi, miaka zaidi ya 20 baadaye, mahali pa mama. Fundi alishona shingo kama mtoto alivyotaka, na kutokana na mabaki akamtengenezea mtandio wa kujitupia begani kanisani. Ameuvaa kanisani, akautoa ukumbini. Nadhani ameutoa mlangoni.

Mabaki mengine yote yalirudi kwangu, yamefungwa kwa kamba, hata vipande vya upana wa kiganja.

Kuhusu bei: sare ya mwanamke, libaya na sketi, dola 15, yenye bitana na zipu dola 22, shati la mwanaume dola 10. Koti lilinigharimu dola 35, na kwa kazi ile ningelipa zaidi. Unatoa nusu kwanza. Anapokea franka kwa kiwango cha siku hiyo na hapunji.

Sasa yasiyo mazuri, maana yapo. Alituahidi siku 14, koti likatoka siku ya 19. Sare mbili, ya mjomba na ya mtoto mdogo, nilizichukua usiku wa kuamkia harusi saa tatu, kijana wake akiwa bado anakata nyuzi. Umeme ulikuwa umekatika siku tatu, hilo si kosa lake, lakini alijua kazi imemzidi na hakusema. Zipu zake si nzuri: ya dada yangu iliachia kwenye meza ya chakula, tukaifunga kwa pini. Alizibadilisha zote bila malipo nilipozirudisha, ila harusi hairudiwi. Matundu ya vifungo hashoni mwenyewe, anayapeleka kwa mwenye mashine ya matundu, na hapo zinapotea siku mbili nyingine. Na pa kujaribia nguo ni pazia tu kwenye pembe ya baraza. Mama alikataa kuvua hapo, ikabidi mke wa fundi ampokee chumbani kwake. Wenye wazazi wakubwa wapigie simu kabla.

Msimpelekee gauni la kunakili kutoka kwenye simu, mkitaka litoke vilevile kesho kutwa. Kwa hiyo kazi wapo wengine wepesi kuliko yeye. Mpelekeeni nguo yenye mtu ndani yake, na mpeni muda, nusu mwezi juu ya ule anaoutaja.

Mama ameliona koti. Aliinua kola bila kuniuliza, akapitisha kidole gumba juu ya uzi wa bluu, akasema siku ile mshumaa ulikuwa unaisha ndiyo maana mishono ya mwisho imepinda. Kisha akaniambia nifungue sanduku. Mna kitenge kimoja, yadi 6, hakijawahi kukatwa, alichopewa siku ya mahari yake. Anataka libaya. Jumamosi tunaenda wote wawili, na nimeshampigia fundi aandae chumba.