Got au gotten: uandike ipi?

Kitenzi cha Kiingereza get kilitoka kwa Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, waliosema geta. Ubishi uko kwenye umbo lake la tatu: Waingereza husema get, got, got, Wamarekani get, got, gotten.

Kwa ukongwe, gotten inashinda. Wengi hudhani Wamarekani ndio walioiharibu lugha, kumbe Waingereza wenyewe waliitumia karne nyingi kabla ya kuiacha. Masalia yake yamo kwenye forgotten, ambayo London nzima inaitamka hadi leo.

Kwa maana pia gotten ina raha yake. Mmarekani akisema "I've got a ticket", tiketi anayo mfukoni. Akisema "I've gotten a ticket", ameipata. Ni ile ile tofauti yetu ya ninayo na nimeipata! Got ya Uingereza hubeba zote mbili, msikilizaji aamue kwa muktadha.

Kwa wepesi, chukua got: umbo moja tu la kukariri.

Mwanafunzi wa Kenya au Tanzania unayefundishwa Kiingereza cha Uingereza, baki na got kwenye mtihani. Unaandika barua ya kazi kwenda Chicago? Gotten haitamshangaza mtu huko.