Kodeini au Mofini kwa Mtoto Aliyekatwa Mafindofindo

Kwa miaka mingi kodeini ilihesabiwa kuwa dawa ya upole kuliko mofini. Upole huo ulikuwa wa jina tu, kwa kuwa kodeini haitulizi maumivu sawasawa mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na kila ini lina kasi yake: watoto wawili wa kilo 15 wakinyweshwa kipimo kilekile, mmoja huendelea kulia, na mwingine, hasa katika jamii kama za Ethiopia ambako ini lenye kasi kubwa si nadra, huweza kulemewa hadi pumzi ikakatika usingizini. Mwaka 2013 Marekani iliikataza kodeini kwa watoto baada ya upasuaji wa kukata mafindofindo.

Mofini, inayotutisha wengi, hukokotolewa kwa uzito na matokeo yake hutabirika zaidi. Kwa miligramu 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 15 hunywa miligramu 1.5 hadi 3 kwa mara moja, huku muuguzi akihesabu pumzi zake. Nayo hukandamiza pumzi, hivyo aliyekuwa akikoroma na kukatikiwa na pumzi usiku hupewa kipimo kidogo zaidi.