Mpira wa Matabaka Matatu: Gamba Laini, Mshiko Hafifu

Mwezi uliopita nilinunua dazeni moja ya mipira ya gofu ya matabaka matatu katika duka la vifaa vya michezo hapa Nairobi, kwa shilingi 3,600. Mipira ya daraja la juu ingenigharimu takriban mara mbili ya kiasi hicho. Jina la chapa sitalitaja, kwa kuwa dazeni moja haitoshi kukihukumu kiwanda kizima, lakini kasoro niliyoiona nitaieleza kwa kina, maana ni kasoro ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuitambua akijua pa kuangalia.

Nimecheza raundi sita nayo. Kuhusu umbali sina mengi ya kusema: jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira wowote unaopigwa vizuri hapa huruka mbali kuliko ungeruka Mombasa. Thamani ya mpira wa aina hii huonekana ukiwa karibu na grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, na hapo ulinifurahisha kwelikweli. Gamba lake la poliyurethani, plastiki inayonyumbuka, ni laini, mifereji ya weji, fimbo ya mapigo mafupi, hulishika barabara, na mpira ukitua hudunda mara moja mbili kisha hutulia. Katika raundi tatu za kwanza nilidhani nimepata mpira wa kuchezea mwaka mzima.

Katika raundi ya nne niliucheza mmoja kutoka kwenye banka, kile kishimo cha mchanga, na sauti yake ikanishtua. Badala ya mlio mkavu niliouzoea nilisikia kishindo kizito, kama cha kitu chenye uwazi ndani. Kedi wangu, mbeba fimbo, aliuokota kwenye grini, akaupangusa kwa taulo, akaupapasa kwa kidole gumba. "Mkubwa, huu umeshakufa," akaniambia, akinionyesha uvimbe mdogo wa kadiri ya punje ya dengu, ambao ulibonyea ukiguswa na kuinuka tena ukiachwa. Rangi ilikuwa nzima na hapakuwa na ufa wowote. Kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji abadilishe mpira uliokatika au kupasuka wakati shimo linaendelea kuchezwa, lakini uvimbe ulio chini ya gamba zima si mkato wala si ufa, kwa hiyo nilimaliza shimo lile nao.

Kufikia raundi ya sita nilikuwa nimetumia mipira saba. Miwili ilipotelea vichakani, na kati ya mitano iliyobaki, mitatu ilikuwa na uvimbe wa namna ileile. Hakuna hata mmoja uliolala majini, wala sikuiacha kwenye buti la gari juani.

Niliuchukua mmoja wa ile mitatu, pamoja na mpira mkuukuu wa daraja la juu uliokuwa ukizagaa mkobani mwangu, nikaipeleka kwa fundi wa jua kali Kariobangi. Aliibana kwenye jiriwa na kuipasua katikati kwa msumeno wa chuma. Kwa muundo haitofautiani: kiini kikubwa cha polibutadieni, ambayo ni raba ngumu inayorudi haraka ikibonyezwa, juu yake tabaka jembamba la ayonoma, plastiki ngumu inayoupa mpira kasi, na nje kabisa gamba la poliyurethani lisilofika hata milimita moja. Tofauti ilijitokeza nilipojaribu kuyatenganisha matabaka. Gamba la mpira nilioununua lilitoka kwa ukucha, kipande kizima kwa mara moja, kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Chini yake tabaka la kati lilikuwa likimeta kama gololi. Gamba la mpira wa pili lilihitaji kisu, na hata kwa kisu lilichanika vipande vidogovidogo huku mabaki yakiwa yameng'ang'ania plastiki. Pale yalipokwanguka kabisa niliona mikwaruzo myembamba imelizunguka tabaka la kati. Hiyo ndiyo dalili ya mshiko mzuri: gamba huchanika lenyewe kabla kiungo hakijaachia.

Sababu anaijua kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha fundi wa viatu. Kabla ya kupaka gundi, fundi hukwaruza soli kwa tupa au msasa mpaka mng'ao wake uishe, kwa kuwa gundi haishiki mahali panapoteleza. Ayonoma ni ya ukoo wa poliethilini, plastiki ambazo kwa asili hukataa gundi na rangi, na poliyurethani ikimiminwa juu yake bila maandalizi hukaa tu bila kushikamana nayo. Kwa hiyo kiwanda makini huusaga kwanza uso wa tabaka la kati, kuondoa ule mng'ao na mabaki yoyote yaliyotoka kwenye kalibu. Kisha wengine huupitisha kwenye moto mwepesi, au kwenye umeme wa korona (umeme unaotoka hewani) au plazima (gesi iliyotiwa umeme), ili kuupa uso huo oksijeni ambayo gamba litaweza kuungana nayo. Wengine hupaka praima nyembamba inayoshika pande zote mbili. Unyevu nao ni adui, kwa kuwa kemikali ya isosayaneti iliyomo katika poliyurethani ikikutana na maji hutoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo huacha vipovu palepale pa kiungo. Kazi ya plazima haionekani kwa macho, lakini mikwaruzo huonekana, na katika mpira huu sikuona hata mmoja. Kwa maoni yangu hatua ya kusaga ilirukwa, au ilifanywa kijuujuu.

Hili si jambo la urembo. Weji ikigonga mpira, mguso haumalizi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini kwa muda huo mpira hubonyea huku mifereji ikilivuta gamba kwa upande. Gamba laini na plastiki ngumu havitanuki sawa, na kiungo kati yao ndicho kinachobeba mvutano wote. Kikianza kuachia, mzunguko unaoufanya mpira utulie haufiki ndani kama inavyopaswa. Mipira iliyovimba ilikuwa ikitembea hatua mbili tatu zaidi baada ya kutua, kwa pigo lilelile.

Anayeutamani mpira huu kwa bei yake namshauri anunue kwanza kile kiboksi cha mitatu, apige mmoja mapigo 20 kamili ya weji, kisha aupapase wote kwa kidole gumba kabla ya kununua dazeni. Mimi sitaununua tena, ingawa ule ulaini wake nitaukumbuka. Nilipompelekea mwenye duka vile vipande, alinipokea kwa heshima, akalibandua mwenyewe gamba lililobaki kwenye nusu ya pili, akanyamaza kidogo, kisha akanibadilishia mitano ambayo sikuwa nimeichezea kwa mipira ya matabaka mawili. Aliomba nimwachie vile vipande amwonyeshe msambazaji wake, nami nikamwachia.