Chatsworth na vijiji vyake: bustani kwanza, vyumba baadaye

Kama unaishi kaskazini mwa Uingereza na una siku moja tu ya kumtembeza mgeni kutoka nyumbani, mpeleke Chatsworth, jumba la kifahari lenye bustani kubwa huko Derbyshire. Mimi nilimpeleka mama, mkulima wa ndizi kutoka Meru aliyekuja kunijulia hali. Kutoka Sheffield kuna basi linalokushusha karibu na jumba lenyewe, kwa hivyo usijali kama huna gari.

Mkenya ana sababu ya ziada ya kwenda. Hapa ni kwa ukoo wa Cavendish, yaani ma-Duke wa Devonshire, na Devonshire ndiye yule yule wa somo la historia. Ile Devonshire White Paper ya 1923, waraka wa sera wa serikali ya Uingereza tulioukariri sekondari, iliyotangaza kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia nchini Kenya na wakati huo huo ikawaachia masetla nyanda za juu, ilitoka kwa Victor Cavendish, Duke wa tisa, alipokuwa Waziri wa Makoloni. Nilimweleza mama kwamba hii ilikuwa mojawapo ya nyumba zake. Akatazama dirisha hadi dirisha, kisha akauliza, "Mojawapo? Na hizo nyingine alizifanyia nini?"

Ardhi ilinunuliwa 1549 na Bess of Hardwick pamoja na mumewe, Sir William Cavendish, lakini sura unayoiona leo ilianza na Duke wa kwanza mwaka 1687. Ndani kuna ukumbi uliochorwa maisha ya Julius Caesar kutani na darini, na mlango wenye fidla iliyochorwa kwa ufundi wa kukufanya utake kuishika. Kilichonishika mimi ni sanamu ya msichana aliyefunikwa shela, kazi ya Raffaele Monti. Shela ni jiwe, uso ni jiwe, na bado unauona uso kupitia shela. Baada ya hapo, sema kweli, dhahabu na mazulia vilianza kunichosha. Vyumba ni vingi, na kufikia cha kumi macho yameshiba.

Basi toka nje mapema, maana bustani ndiyo yenyewe. Mtunza bustani wa Duke wa sita, Joseph Paxton, alijenga chemchemi iitwayo Emperor mwaka 1844 kwa ajili ya ziara ya mfalme wa Urusi, Nicholas wa kwanza. Mfalme hakuja. Maji hayasukumwi na pampu. Yanateremka kwa bomba kutoka ziwa lililochimbwa juu ya kilima, na yamewahi kuruka hadi mita 90. Paxton huyo huyo ndiye aliyebuni Crystal Palace, jumba la vioo la maonyesho la London la 1851, baada ya kujifunzia hapa kujenga nyumba za vioo.

Ni katika nyumba hizo za vioo, miaka ya 1830, alipootesha mgomba uliotoka Mauritius, akaupa jina la tajiri wake: Cavendish. Ndizi nyingi zinazouzwa katika maduka ya Ulaya leo ni za jamii hiyo, hasa baada ya ugonjwa wa migomba uitwao Panama kufagia Gros Michel, aina iliyotawala soko kabla yake. Grand Nain na Williams zinazopandwa Meru na Murang'a ni za jamii hiyo pia. Mama hakuamini. "Hawa watu wenye baridi hii ndio wametupa jina la ndizi?" Alilisema tena kwenye basi.

Vijiji usiviache. Edensor kiko ng'ambo ya mto Derwent, dakika chache kwa miguu kupitia malisho ya kondoo, na kutembea humo hakulipiwi. Duke wa sita alikihamisha kijiji kizima kwa sababu kilimharibia mandhari, akakijenga upya nyumba moja kwa mtindo wa Uswisi, nyingine wa Kiitaliano, jirani wasifanane. Ni kizuri mno, na ukikumbuka sababu yake unakitazama kwa jicho jingine. Makaburini kanisani amelala Paxton, na pia Kathleen Kennedy, aliyeolewa na mrithi wa Duke mwaka 1944 na kuwa mjane miezi michache baadaye. Kaka yake, Rais John F. Kennedy, alizuru kaburi hilo Juni 1963.

Pilsley, kijiji kingine, tulipita tu kwa ajili ya duka la vyakula vya shambani. Nyama nzuri, bei ya kukufanya urudishe kifurushi taratibu.

Mambo ya kujua: nunua tiketi mtandaoni kabla ya kwenda na uangalie tarehe, kwani majira ya baridi jumba hufungwa kwa muda. Bustani ina miinuko na matope. Vaa viatu vya kutembelea hata kama mnapanga kupiga picha. Mkipata saa moja ya ziada, malizieni Bakewell, mji mdogo wa karibu, mle pudini yake ya jamu, mayai na lozi ingali moto. Mama aliagiza ya pili.