Zapfino kwenye kadi ya harusi: uzoefu wangu

Dada yangu aliniomba nimtengenezee kadi ya harusi, akasisitiza kwamba majina yao wawili yaonekane kama yameandikwa kwa mkono. Nilijaribu fonti nyingi za mwandiko, nikaishia kwenye Zapfino, ambayo tayari ilikuwamo kwenye Mac yangu. Tangu hapo nimeitumia kwenye vyeti na majalada, na naipenda kwa dhati.

Fonti nyingi za aina hii hujulikana upesi kuwa ni kazi ya mashine: neno likiwa na a tatu, zote tatu zinafanana kama zimepigwa muhuri. Zapfino ina maumbo kadhaa ya herufi ileile, na programu ikiyaruhusu, herufi hubadilika kufuatana na jirani zake. Hebu andika jina lenyewe, Zapfino, herufi moja moja. Ukifika o ya mwisho, neno zima linageuka umbo moja lililochorwa kwa pamoja. Mimi nililifuta na kuliandika tena mara tatu kwa raha tu ya kulitazama.

Aliyeibuni ni Hermann Zapf, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa kuandika kwa kalamu. Fonti ilitolewa na kampuni ya Linotype mwaka 1998, lakini chimbuko lake ni mwandiko wa Zapf wa mwaka 1944. Ndiyo maana kila mstari unanenepa na kukonda pale ambapo mkono ungegeuza kalamu.

Inataka nafasi, tena nafasi kubwa. Mikia yake inashuka mbali na shingo zake zinapanda juu sana, ilhali miili ya herufi ndogo ni midogo. Kwenye kadi ile nilibana mistari ili majina yakaribiane, mkia wa y ya jina la juu ukaikata shingo ya h ya jina la chini. Nilihangaika na ukubwa wa herufi bila mafanikio. Dawa ilikuwa kusogeza jina la chini kushoto kidogo kidogo mpaka mkia ukatua kwenye uwazi baada ya a yake ya mwisho. Kiswahili kinasaidia sana hapa: maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu hazina mikia, kwa hiyo mwisho wa neno mara nyingi pana utulivu wa kupokea pambo la mstari wa juu.

Tarehe, ukumbi na maelezo mengine niliyaweka kwa fonti ya kawaida iliyosimama wima. Aya nzima ya Zapfino inachosha macho, na neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu halisomeki kabisa, kwa sababu kila herufi kubwa imechorwa ili ianze neno, si ikae katikati yake.

Jambo moja lilinigharimu siku nzima. Kompyuta ya mchapaji haikuwa na fonti hii, na nakala ya majaribio ikatoka na majina kwa herufi nyingine kabisa, nyembamba na zisizo na uhai. Siku hizi nageuza majina kuwa michoro kabla ya kutuma faili, kisha naomba nakala moja kwenye karatasi ileile itakayotumika, nikague kama ile mistari myembamba kabisa imeshika wino.